"Mti Sugu": Istilahi Inayomsahau Mdudu

Miongoni mwa istilahi zitumikazo katika maandishi ya kilimo na misitu, "mti sugu" ni mojawapo ya zile zinazostahili kuchunguzwa upya. Hukusudiwa kuutaja mti usioharibiwa na wadudu. Kasoro yake ni kwamba huiweka sifa yote katika mti na kumsahau mdudu, ilhali mti mmoja huweza kukataliwa na mdudu huyu na kuwa chakula cha yule.

Tuutazame mwarobaini. Mwaka 1959, nchini Sudani, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona kuwa nzige waliovamia mimea waliuacha mwarobaini ukiwa na majani yake. Kemikali kuu inayohusika, azadiraktini, ilitengwa mwaka 1968. Nzige wa jangwani ana vihisio vya ladha kinywani vinavyoing'amua kemikali hiyo hata ikiwa kidogo mno, naye huacha kula. Lakini panzi wa Amerika ya Kaskazini aitwaye Melanoplus sanguinipes hazuiliwi na ladha hiyo. Yeye hula, kisha homoni zake huvurugika, na panzi mchanga hushindwa kujivua gamba.

Kemikali ni ile ile. Kilichotofautiana ni mwili wa mdudu. Mmoja alichukizwa kabla ya kula, wa pili alidhurika baada ya kula. Mwaka 1951 R. H. Painter alikwisha kuzitenga njia tatu: mmea kutopendwa na mdudu, mmea kumdhuru mdudu aulaye, na mmea kuliwa bila ya kudhoofika sana. Neno "sugu" linazimeza zote tatu. Tena limekwisha zoeleka kwa mdudu asiyekufa kwa dawa. Mfasiri akiandika kwamba "wadudu sugu walikula miti sugu", msomaji ataelewa nini?

Huenda ikadhaniwa kuwa huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mkulima akiambiwa kwamba maji ya mwarobaini ni "sumu ya nzige", atanyunyizia jioni na asubuhi atatafuta mizoga. Asipoiona atadhani amedanganywa, na ataiacha dawa hiyo, hali majani ya mimea yake hayakuguswa. Kosa hapo si la mkulima wala la mwarobaini, bali ni la aliyemwandikia.

Kwa hiyo tunapendekeza "ukinzani" liwe neno la jumla, na chini yake yawepo "uchukizaji", "udhoofishaji" na "ustahimilivu". "Usugu" ubakie kwa mdudu aliyeizoea dawa. Ni kweli kwamba "ukinzani" hutumika pia katika elimu ya umeme, lakini nyanja hizo ziko mbali, wala hazitamchanganya msomaji. Aidha, kila itajwapo sifa hii, mdudu naye hana budi kutajwa: si "mti kinzani" tu, bali "mti kinzani kwa nzige wa jangwani". Istilahi isiyosema ni kwa nani, imesema nusu.