Mahubiri ya Amani na Kilio cha Wajane

Katika makanisa yetu, tangu mjini Karatu hata Endulen na Nainokanoka huko Ngorongoro, hapana neno lihubiriwalo mara nyingi kuliko amani. Twashukuru kwa hilo, maana nyakati zetu ni za kugawanyika, na mhubiri asiyenena juu ya amani leo angekuwa kama mchungaji alalaye mchana. Lakini mahubiri, kama ilivyo insha ya mwanafunzi, yafaa yapimwe. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuwa walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayafungua Maandiko waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Basi nasi twataka kuyapima mahubiri ya amani yanayosikiwa kwetu, tutaje yaliyo mema ndani yake na yaliyopungua.

Kila msikilizaji ayajua mahubiri hayo. Huanza na Zaburi ya 133, zaburi ya undugu. Kisha huingia katika Mwanzo sura ya 13, penye ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu, hapo malisho yalipokuwa haba. Mwisho huja maonyo: tuvumiliane, tusinung'unike, tumwachie Mungu. Wimbo huimbwa, watu hupeana mikono, nao hurudi makwao.

Uzuri wake si mdogo. Kati ya ziwa Eyasi na nyanda za juu za Ngorongoro zasemwa lugha za jamaa mbalimbali kabisa: Kiiraqw cha jamaa ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga za jamaa ya Kiniloti, Kihadzabe chenye sauti za vidoko, na lugha za Kibantu za waliokuja kulima. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwaondoa Wadatoga katika kreta ya Ngorongoro kwa vita, na hata sasa Wadatoga huyaheshimu makaburi ya wazee wao yaliyobaki huko. Wairaqw nao walikaa wamebanana katika milima ya Irqwar Da'aw, wala hawakuenea sana hata Karatu ila baada ya vita vile kukoma. Wajukuu wa watu hao leo huketi benchi moja na kupokea kikombe kimoja. Mhubiri akituonyesha jambo hilo na kutuambia tusilivunje, asema kweli, nasi twamwitikia Amina.

Upungufu wa kwanza umo katika kuisoma habari ya Abramu. Mhubiri husema: Abramu aliachilia, nasi tuachilie. Lakini na tuangalie ni nani aliyeachilia. Abramu alikuwa mkubwa. Alikuwa baba mdogo wa Lutu, kwa kuwa baba yake Lutu alikuwa ndugu yake. Naye ndiye aliyeahidiwa nchi. Kwa desturi yetu ya Kiafrika mtu wa namna hiyo huchagua kwanza, na kijana huchukua kilichobaki. Yeye akampa kijana nafasi ya kwanza. Kwa hiyo habari hii yamfundisha mwenye nguvu. Ikihubiriwa kwa mnyonge peke yake yageuka kuwa neno lingine, maana mtu asiyepewa nafasi ya kuchagua hawezi kusifiwa kwamba ameachilia.

Tuone mfano ulio karibu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama zao katika hati ya kukubali kutoka Serengeti. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa kwa sheria, nchi ya kilometa za mraba 8,292, iwe mahali pa wanyama wa porini na pa wafugaji pamoja. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikakatazwa katika hifadhi. Mwaka 1992 kikaruhusiwa. Baadaye kikakatazwa tena. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia watu Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema kwamba watu na mifugo wameongezeka mno na hifadhi yaelemewa. Wako waliokwenda kwa hiari wakapata nyumba na mashamba, na wako waliosema kwamba huduma za shule na hospitali zilipungua walikobaki ili wachoke waondoke. Mwezi wa Agosti 2024 tangazo la Serikali lilifuta kata na vijiji vya Ngorongoro katika orodha. Wananchi wakatoka kwa wingi barabarani, na Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo lile.

Hatuandiki haya ili kukata shauri. Haja ya kutunza msitu na wanyama ni haja ya kweli. Hata mkulima wa Karatu hunywa maji yatokayo katika msitu ule wa juu. Twauliza neno moja tu: siku zile mhubiri aliposema tuachilie kama Abramu, alikuwa akimwambia nani? Ikiwa alimwambia mama wa boma peke yake, wala hakumwambia mwenye kalamu na muhuri, basi aliisoma nusu ya sura.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Mahubiri haya huhesabu manung'uniko kuwa adui wa umoja. Hapo twaomba msomaji afungue Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lenyewe liligawanyika, tena kwa lugha. Wakristo waliosema Kiyunani walinung'unika juu ya wenzao Waebrania, kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika kugawiwa chakula cha kila siku. Kama mahubiri yetu yangalikuwako Yerusalemu, wajane wale wangaliambiwa wavumilie wasivunje ushirika.

Mitume hawakufanya hivyo. Hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakukana kwamba chakula kilipita wengine. Waliita mkutano wote, wakaagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi ya kugawa. Tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani, na huyo wa mwisho alikuwa mwongofu wa Antiokia, asiyezaliwa Myahudi. Kwa hiyo yaaminika kwamba kikapu cha chakula kilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule ule uliolia. Luka aeleza ya kwamba baada ya hayo Neno lilienea na wanafunzi wakaongezeka sana. Manung'uniko yaliyosikilizwa yakawa mlango wa umoja.

Na tuyalete haya Mang'ola, kando ya Eyasi. Huko chemchemi hunywesha mashamba ya vitunguu yaliyojulikana nchi nzima. Mwenye shamba la juu hufungua mfereji kwanza. Wa chini hungoja zamu. Na mfugaji wa Kidatoga aliye mbali zaidi huona mchanga palipokuwa na maji ya ng'ombe. Mhubiri akija Jumapili akahubiri upendo tu, wa juu atafurahi. Lakini akiuliza ni nani wanaoketi katika kamati ya maji, wanasema lugha gani, na mjane wa Kidatoga asiyejua Kiswahili hupeleka wapi neno lake, hapo atakuwa amehubiri Matendo sura ya 6. Kiswahili kimetuunganisha, nasi twakipenda. Lakini mkutano ufanywao kwa Kiswahili peke yake pasipo mkalimani humnyamazisha bibi huyo kama vile wajane wale walivyokuwa karibu kunyamazishwa.

Hata majina yana kazi. Wengi wetu huwaita Wadatoga Wamang'ati. Neno hilo latoka katika Kimaasai, na maana yake ni maadui. Mkristo aweza kumpa mwenzake mkono wa amani ibadani na kumwita adui nje ya mlango, wala asijue. Mwalimu aweza kulisahihisha jambo hili darasani kwa siku moja.

Wako watakaotujibu: mimbari ikianza kusikiliza kila malalamiko, itakuwa jukwaa la siasa. Hofu hii si ya bure. Karatu yalijua jambo hili kuliko wilaya nyingi. Kuanzia mwaka 1995 hata 2010 mbunge wake alikuwa Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa padre hapo kwanza. Akafuatwa na Mchungaji Israel Natse hata 2015, na wote wawili walikuwa wa chama cha upinzani. Mwanakijiji aliweza kudhani kwamba vazi la kanisa na kadi ya chama ni kitu kimoja. Lakini mitume walikwisha kutuonyesha njia. Wao waliendelea na sala na Neno. Kazi ya meza waliwapa watu waliochaguliwa na wote. Kusikiliza si kushika upande. Si kila malalamiko ni ya kweli, lakini hayajulikani kuwa ya kweli au ya uongo mpaka mtu ameketi na kuyahesabu.

Tena kutosikiliza kuna gharama yake. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, damu ya watu ilimwagika katika miji ya nchi yetu, nchi iliyozoea kujiita kisiwa cha amani. Tume ya uchunguzi iliundwa baada ya makaburi kuchimbwa. Kadhalika juu ya Ngorongoro, Rais alikutana na wawakilishi wa Wamaasai mjini Arusha mwezi wa Desemba 2024, na tume mbili zikazinduliwa Februari 2025. Twaona ni jambo jema kwamba watu waliketi; lakini mara zote mbili kusikiliza kulikuja baada ya barabara kujaa. Kanisa, ambalo lina wazee na wainjilisti katika kila kitongoji, lingeweza kusikia mapema kuliko wote.

Basi ndugu wahubiri, hatuombi mwache kuhubiri amani. Twaomba kila hubiri la amani lijibu maswali matatu kabla ya Amina. Nani hapa ameombwa kuachilia, na je, aliye mkubwa ameombwa pia? Nani amenung'unika, na nani amemsikiliza kwa lugha yake? Kikapu kimo mikononi mwa nani? Nanyi wasikilizaji, mkirudi nyumbani Jumapili ijayo, yaulizeni maswali hayo mezani pamoja na watoto. Na kama mzee wa kanisa akipita, mkaribisheni aketi, mmwulize yeye pia.