Kusimama, Kukimbia, Kupiga: Uhakiki wa Vitenzi katika Miongozo ya Kiswahili ya Hija

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya miongozo ya Hija iliyoandikwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba msomaji hapotoshwi sana na istilahi za Kiarabu asizozijua. Hupotoshwa zaidi na vitenzi vya Kiswahili anavyovijua mno. Vitenzi vitatu vinachunguzwa: kusimama, kukimbia na kupiga. Baada ya hapo makala yanaangalia njeo ya -ta- na matumizi ya neno ihramu, kisha yanapendekeza njia ya kuunda istilahi inayohifadhi maana maalumu ya ibada bila kumwacha msomaji gizani.

1. Utangulizi

Mwongozo wa Hija ni utanzu wenye wasomaji wengi na wahakiki wachache. Aghalabu ni kitabu chembamba kinachotiwa mfukoni, kinachorejelewa katika semina za mahujaji kabla ya safari, na kinachofika Makka mkononi mwa mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi na ambaye huenda asirudi huko tena. Mhakiki wa fasihi hukiona kuwa ni mali ya fikihi. Mwanafikihi naye hukiona kimetimia iwapo hukumu zake ni sahihi. Kwa hiyo swali la lugha hubaki bila mwenyewe: je, hukumu iliyo sahihi katika akili ya mwandishi hufika ikiwa sahihi katika akili ya msomaji?

Swali hili si la anasa ya kitaaluma. Sentensi ya mwongozo ikieleweka vibaya, kinachoathirika ni ibada yenyewe, pamoja na nguvu na usalama wa mtu, mara nyingi mzee, aliye katikati ya umati mkubwa na joto kali. Ndiyo maana utanzu huu unastahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayotumika kusoma matini za sheria au tiba.

2. Maandalizi: mahali ambapo lugha ya kila siku inatosha

Sura za mwanzo za miongozo hushughulikia maandalizi: kulipa madeni, kurudisha amana, kutaka radhi kwa wazazi na majirani, kuandika wasia, kuwaachia watu wa nyumbani masurufu ya kutosha, na kuhakikisha kuwa mali ya safari ni ya halali. Hapa mwandishi huandika kwa wepesi na msomaji huelewa kwa wepesi. Maneno deni, amana, radhi, wasia, masurufu na halali yana asili ya Kiarabu, lakini yamekwisha kuwa maneno ya sokoni, ya msibani na ya barazani. Tena maana yake ya kila siku ndiyo maana inayotakiwa na sheria. Deni analotakiwa msafiri kulilipa ni lilelile analodaiwa dukani.

Ufanisi huu wa sura za mwanzo unaweza kumdanganya mwandishi. Humfanya aamini kwamba kanuni moja itafaa hadi mwisho wa kitabu: tumia neno ambalo watu wanalo, nao wataelewa. Kanuni hiyo inalingana na utaratibu uliozoeleka wa ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, ambao hutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kugeukia lugha za kigeni. Katika maandalizi kanuni hiyo haina madhara. Katika utekelezaji wa ibada hali ni tofauti.

3. Vitenzi vitatu

3.1 Kusimama

Nguzo kuu ya Hija hutajwa karibu kila mahali kuwa ni "kusimama Arafa". Neno la Kiarabu, wukufu, lina maana ya kusimama na pia ya kutua au kusita mahali. Kiswahili nacho kina upana wa aina hiyo, kwani gari husimama kituoni bila kuwa na miguu. Kwa mtazamo wa kamusi, basi, tafsiri haina kasoro.

Kasoro hujitokeza katika rejista. Msomaji wa mwongozo ni Mwislamu anayeswali, na katika lugha ya swala kusimama ni mkao wa mwili: ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye kuweza. Anapoambiwa kwamba kusimama Arafa ni nguzo ya Hija, yu tayari kulipokea neno kwa maana aliyofundishwa tangu utotoni. Ilhali katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kinachotakiwa ni kuwapo ndani ya mipaka ya Arafa katika wakati wake, yaani baada ya jua kupinduka tarehe 9 Dhulhija (Mfungo Tatu kwa hesabu ya watu wa pwani) hadi alfajiri ya tarehe 10. Aliyeketi, aliyelala na anayepita humo kwa muda mfupi wote wametimiza nguzo.

Kitenzi kimehamisha uzito kutoka mahali na wakati kwenda kwenye miguu. Hasara yake ina pande mbili. Bibi wa miaka sabini anaweza kujilazimisha kusimama juani kwa saa kadhaa akidhani Hija yake inategemea hilo. Mwingine anaweza kusimama kwa unyenyekevu mkubwa nje kidogo ya alama za mpaka, na Hija ikampita. Wa kwanza ameongeza sharti lisilokuwapo. Wa pili amekosa sharti ambalo kitenzi hakikulitaja.

3.2 Kukimbia

Saayi, mwendo wa baina ya Safa na Marwa, hufasiriwa mara nyingi kwa kitenzi kukimbia. Kichocheo cha tafsiri hiyo ni kisa cha Bi Hajar aliyehangaika baina ya vilima hivyo viwili akimtafutia maji mwanawe Ismaili. Katika simulizi, kukimbia kunafaa, kwa sababu kunabeba dhiki ya mama. Katika maelekezo hakufai. Anayesai hutembea, na ni wanaume tu wanaosuniwa kuharakisha, tena katika sehemu fupi iliyo baina ya taa za kijani. Mwandishi amechukua kitenzi cha kisa na kukiweka katika amri, bila kumwonyesha msomaji mahali kisa kinapoishia na amri inapoanzia.

Tatizo la pili ni la hesabu. Miongozo hupenda kusema "mizunguko saba" kwa saayi kama inavyosema kwa tawafu. Mzunguko katika Kiswahili huanza na kuishia mahali pamoja. Ndivyo ilivyo kwa tawafu, ambayo kila duru yake huanzia kwenye Jiwe Jeusi na kurudi hapo. Katika saayi, kwenda kutoka Safa hadi Marwa ni mara moja na kurudi ni mara ya pili. Ndiyo maana anayeanza Safa humalizia Marwa. Msomaji anayeshika maana ya kawaida ya mzunguko atakwenda mara kumi na nne, na badala ya karibu kilomita 3 atatembea zaidi ya kilomita 5.

Ni haki kueleza kwamba waandishi hawakulitoa neno hilo hewani. Aya ya 158 ya Suratul Baqara, inapotaja Safa na Marwa, hutumia kitenzi cha mzizi uleule wa tawafu. Lakini umbo hilo la Kiarabu linaruhusu maana ya kupitapita baina ya mahali viwili, maana ambayo nomino mzunguko haina. Uaminifu kwa mzizi umezaa kosa katika idadi.

3.3 Kupiga

Mfano wa tatu ndio ulioenea zaidi katika mazungumzo: "kumpiga shetani mawe". Sarufi ya kauli hii inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Yambwa ya kitenzi ni shetani, aliyepewa kiambishi cha kiumbe, -m-. Mawe ni ala tu. Kitenzi chenyewe kinataka shabaha ipatwe, kwani aliyekosa hakupiga.

Sasa kauli hiyo ilinganishwe na masharti ya tendo. Vijiwe ni vidogo, kiasi cha punje ya kunde au zaidi kidogo. Idadi yake ni maalumu: 7 katika Jamra ya Akaba siku ya 10, kisha 21 kila siku inayofuata, 7 kwa kila jamra. Hurushwa kimoja kimoja. Sharti katika madhehebu ya Shafi ni kijiwe kiangukie ndani ya duara la jamra; si sharti kiguse nguzo. Nguzo zenyewe zilibadilishwa kuwa kuta pana baada ya Hija ya 2004, na ibada haikubadilika hata kidogo, jambo linalothibitisha kwamba nguzo haikuwa shabaha.

Kauli "kumpiga shetani mawe" haimwambii msomaji lolote kati ya hayo. Humpa adui badala ya mahali, jiwe badala ya kijiwe, na ghadhabu badala ya hesabu. Kauli "kurusha vijiwe saba jamarati" hugeuza mpangilio: yambwa ni vijiwe, ambavyo vinahesabika, kiambishi vi- kinataja udogo wake, na jamarati inachukua nafasi ya mahali. Taarifa zote anazohitaji msomaji zimo ndani ya sarufi ya sentensi. Bila shaka maafa yaliyowahi kutokea Mina yalisababishwa na mambo mazito kuliko kitenzi, na itakuwa ni kupotosha kuyafungamanisha na lugha. Hata hivyo, mwongozo una wajibu wa kutompeleka mtu kwenye umati akiwa na picha ya vita kichwani.

4. Njeo inayosawazisha

Pamoja na vitenzi vyenyewe, kuna njeo yake. Mfululizo wa kawaida ni huu: atahirimia, atakwenda Mina, atasimama Arafa, atalala Muzdalifa, atarusha, atanyoa, atatufu. Kiambishi -ta- katika Kiswahili hubeba utabiri na pia amri ya upole, na hapa kimetumika kwa yote bila kutofautisha. Lakini matendo hayo hayako daraja moja. Kulala Mina usiku wa kuamkia Arafa ni sunna. Kuliacha hakudai chochote. Kulala Muzdalifa na kurusha ni wajibu. Aliyeacha hutoa fidia ya kuchinja. Kuwapo Arafa na kutufu tawafu ya ifadha ni nguzo, na hakuna mnyama anayeweza kuziba nafasi yake.

Jedwali la nguzo, wajibu na sunna huwekwa kwa kawaida katika sura nyingine, na msomaji aliyechoka hatarudi kulitafuta. Neno lazima, linaloongezwa hapa na pale ili kutia mkazo, huzidisha utata, kwa kuwa linafunika nguzo na wajibu kwa pamoja. Anayelazimika kuchagua, kwa sababu ya ugonjwa au msongamano, hana msingi wa kuchagulia.

5. Ihramu: kipimo cha hoja

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba neno la mkopo ni salama na neno la kawaida ni hatari. Ihramu inakataa hitimisho hilo. Neno ni la Kiarabu, halina maana nyingine katika Kiswahili, na hata hivyo limepotea njia. Ihramu ni hali ya kisheria anayoingia mtu kwa nia. Katika matumizi ya wengi imekuwa jina la shuka mbili nyeupe. Sababu inaonekana katika kitenzi kinachoandamana nayo: watu "huvaa ihramu". Kinachovaliwa ni nguo, kwa hiyo ihramu ni nguo.

Athari yake ni dhahiri. Msafiri wa ndege anaweza kuvuka mikati akiwa amejifunga shuka bila kutia nia, akaamini ameshahirimia. Mwanamke, asiyekuwa na vazi maalumu la ihramu, huachwa akiuliza ahirimie kwa nguo gani, swali ambalo kitenzi kuhirimia kisingelizaa. Kwa hiyo hoja inapaswa kurekebishwa: nomino ya mkopo hulinda maana maalumu pale tu inapopewa kitenzi chake. Ikiazima kitenzi cha nyumbani, hufuata maana ya kitenzi hicho.

6. Pingamizi

Linaweza kutolewa pingamizi kwamba mwongozo hausomwi peke yake. Kuna semina, kuna sheikh wa msafara, kuna wenzake. Hilo ni kweli, na pengine ndilo limezuia makosa mengi. Lakini sheikh naye huzungumza kwa vitenzi vilevile, na aliyepotezana na kundi lake hubaki na neno alilolikariri. Pingamizi jingine ni kwamba istilahi nyingi za Kiarabu humtisha msomaji wa kawaida. Nalo lina uzito, ila linasahau faida moja ya neno geni: humlazimisha msomaji kuuliza. Asiyejua wukufu ni nini ataulizia. Anayejua kusimama ni nini hana sababu ya kuuliza.

7. Hitimisho

Kiswahili chenyewe kimeshatoa kielelezo cha kufuatwa. Kauli "tawafu ya kuaga" ina kichwa cha mkopo kinachohifadhi tendo maalumu, na kivumishi cha Kiswahili kinachoeleza kusudi lake. Msomaji hawezi kuichanganya na mzunguko mwingine, wala hahitaji kujua Kiarabu ili aelewe kwamba ndiyo ya mwisho. Kwa mfano huo, miongozo ingesema "wukufu, yaani kuwapo Arafa". "Saayi, safari saba, kwenda moja na kurudi moja". "Kurusha vijiwe jamarati". Na "kuhirimia" mahali pa "kuvaa ihramu". Kila tendo lingetajwa pamoja na daraja lake papo hapo, katika sentensi ileile.

Uwazi wa istilahi umesifiwa kwa muda mrefu katika taaluma ya Kiswahili kana kwamba ni sifa isiyo na gharama. Miongozo ya Hija inaonyesha gharama yake. Neno huwa wazi kwa sababu msomaji anaona kitu ndani yake. Kazi ya mwandishi ni kuhakikisha kwamba kitu hicho ndicho kilichokusudiwa.