Jua Liko Upande Gani?

Usiku nilipomaliza joka langu nililiweka chini ya taa ya mezani, nikalipiga picha na kuituma Tanga. "Shikamoo baba. Nimemaliza." Wiki tisa zilikuwa zimekwenda humo. Ni joka la plastiki, kubwa kidogo kuliko kiganja changu, jekundu, mabawa wazi, mguu mmoja juu ya gofu la ukuta. Magamba yake nilikuwa nimeyapaka moja moja kwa brashi yenye ncha kama sindano.

Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti. "Marahaba mwanangu. Zuri. Lakini jua liko upande gani?"

Nilikasirika, kisha nikaacha. Baba alikuwa mwandishi wa mabango kwa miaka mingi: maduka, saluni, ubao wa nyuma wa malori. Kwake herufi haijakamilika mpaka ipate kivuli, na vivuli vya herufi zote kwenye bango moja huangukia upande mmoja. Ukiweka kimoja kulia na kingine kushoto, bango zima linayumba, hata kama msomaji hajui kwa nini. Nililigeuza joka langu huku na huku nikitafuta hilo jua. Sikulipata. Lilikuwa linang'aa kila mahali.

Kosa hilo nilikuwa nimejifunza kwa bidii. Naishi Nottingham, yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni ya mchezo wa Warhammer, na pana ukumbi wa maonyesho ambako sanamu zilizopakwa rangi zimepangwa nyuma ya vioo. Mtindo unaojulikana zaidi ni wa mafundi wa studio yao, 'Eavy Metal: kila rangi ndani ya mpaka wake, na kwenye ukingo wa kila kitu, iwe bega la deraya, kidole au gamba, mstari mwembamba wa rangi iliyopauka. Nauheshimu mstari ule, maana una sababu yake. Mwanga haupungui pamoja na ukubwa wa kitu. Askari wa sentimita tatu akisimama mezani, taa ya chumbani haimpi kivuli cha maana chini ya kidevu. Aliyekaa upande wa pili wa meza ataona doa tu. Kwa hiyo fundi humpakia kivuli na mwanga wa kubuni. Ni kama vipodozi vya mwigizaji wa jukwaani: kwa karibu vinatisha, kwa mbali vinakuwa uso.

Joka si askari. Ni kubwa kiasi kwamba bawa lake linatupa kivuli cha kweli mgongoni, na hapo mwanga uliopakwa na mwanga wa taa huanza kugombana. Tena lina magamba mamia. Ukipiga mstari kwenye kila gamba unapata wavu wa samaki uliotupwa juu ya mnyama. Ndicho nilichokuwa nimekifanya kwa wiki tisa, na nikisema ukweli, hata baadhi ya majoka niliyoyaona nyuma ya vioo yana ugonjwa huohuo: unastaajabia mkono wa fundi, joka lenyewe hulioni.

Iko kambi nyingine, inayomfuata John Blanche, mchoraji aliyeipa Warhammer sura ya kutu, moshi na damu iliyokauka. Naipenda zaidi, lakini nayo ina maficho yake. Ukishapaka kila kitu kahawia huna haja ya kuamua jua liko wapi, kwa sababu hakuna jua. Njia za mkato hazisaidii pia. Rangi za majimaji zinazojaa mabondeni zenyewe, kama zile za Contrast zilizotoka mwaka 2019, hutia giza kwenye kila shimo, hata shimo linalotazama mbingu. Brashi kavu hutia nuru kwenye kila kilichoinuka, hata kikiwa chini ya tumbo. Vyote viwili vinalijua umbo. Hakuna kinachojua ni saa ngapi.

Mtu ataniuliza: nani amewahi kuliona joka hata abishe? Sawa. Uccello, katika picha yake ya Mtakatifu George iliyoko National Gallery, London, alilipa joka miguu miwili na madoa ya mviringo kwenye mabawa, na hakuna wa kumsahihisha. Lakini mwanga tumeuona sote. Hapo ndipo mtazamaji anaweza kunishika uongo.

Siku ya tatu dada yangu akapiga simu. Baba aliishika picha ile karibu na pua, akasema. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikataza nisiambiwe wakati wa mitihani. Upasuaji wa jicho la kwanza ni mwezi ujao. Magamba hakuyaona hata moja. Wachoraji hukunja macho makusudi ili vitu vidogo vipotee, ubaki mwanga na giza. Baba alikuwa hana hiari.

Nikalirudia joka. Niliweka jua nyuma ya bega la kushoto, juu kidogo, kisha nikachukua zambarau iliyokolea, nikaipunguza kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi, nikaipaka tumboni, mapajani na chini ya shingo, tabaka baada ya tabaka. Karibu nusu ya magamba yangu yakazama. Iliuma, mengine nilikuwa nayakumbuka nilipaka usiku gani. Kwenye bawa nilimkaidi baba. Kwa kanuni ya bango, upande wa chini ungekuwa giza. Lakini ngozi ya bawa ni nyembamba, na jua likiwa nyuma yake hupenya, kama sikio la mtoto mbele ya taa. Bawa lile nililiwasha rangi ya chungwa.

Vanishi pia tulitofautiana. Yeye humalizia kwa ya kung'aa, maana bango linapigwa na mvua. Kwangu mng'ao ungeileta taa ya chumbani juu ya jua langu, kwa hiyo nilitumia isiyong'aa, nikabakiza mng'ao kwa macho, ulimi na mate ya meno. Nilingoja siku nne hewa ikauke kwanza. Vanishi ya kupuliza ikikutana na unyevu huacha ukungu mweupe, na sikuwa na moyo wa kuanza tena.

Nikatuma picha ya pili. Dada anasema safari hii aliinyoosha simu mbali na uso, akanyamaza muda mrefu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, mfupi.

"Saa tisa alasiri."

Nilikusudia saa kumi.