mdbtools inafungua faili, lakini chunga tarehe zako

Leo nataka tuongelee kitu chenye wengi wetu tunakutana nacho kwenye TFC ao kwenye staji, kiisha tunakiacha: ile faili yenye jina lake linaisha na .mdb. Ni faili ya Microsoft Access. Mkubwa mmoja anakuwekea kwenye klé, anakuambia "data zote ziko humo", na wewe uko na ordinateri ya zamani yenye Linux. Access hauna, na pesa ya kuinunua hauna. Faili iko mkononi, lakini kuisoma hapana.

Kuna dawa ya bure, inaitwa mdbtools. Ni programu ndogo ndogo, kodi yake iko wazi, na unazitumia kwa kuandika amri kwenye terminali. Brian Bruns njo alianzisha kazi hiyo karibu mwaka 2000. Microsoft haikutoa maelezo ya namna faili hizo zinaandikwa ndani, basi yeye na wenzake walizichunguza bayiti kwa bayiti mpaka wakazielewa. Kuanzia 2020 Evan Miller aliishika tena na kuiendeleza. Nimeitumia sana. Nitaisifu, lakini nitaisema pia, juu iliniponza.

Niliipima kwanza na faili yenye kila mtu wa agronomia anapashwa kujua: HWSD, ile database ya udongo wa dunia nzima ya FAO, IIASA na wenzao. Ilitoka 2008, version 1.2 ikafuata 2012. Ramani yake iko na vipande zaidi ya 16,000, na kwa upande wetu ilichukua kazi ya SOTER ya Afrika ya Kati, yenye ilikusanya udongo wa Congo, Rwanda na Burundi. Angalia basi: udongo wa kwetu, umepimwa kwa jasho la watu wa kwetu pia, lakini habari zake ziko ndani ya faili ya Access. Pasipo Access unabaki paka na ramani yenye namba.

Na mdbtools, amri mbili zinatosha:

mdb-tables -1 HWSD.mdb
mdb-export HWSD.mdb HWSD_DATA > udongo.csv

Ya kwanza inakuonyesha majina ya tablo zote. Ya pili inatoa tablo moja na kuiweka katika CSV, yenye unaweza kufungua popote. Haiombi intaneti, na haichokeshi mashini. Uzuri mwingine watu hawausemi sana: amri unaweza kuiandika katika TFC, kwenye sura ya metode. Mtu mwingine ataifanya tena kesho na atapata kitu kile kile. Ukibonyeza bonyeza kwenye dirisha, nani atajua ulibonyeza wapi?

Sasa tuje kwenye kasoro.

Ya kwanza: inatoa tablo moja moja, kama vile mtu anahamisha nyumba na kuacha kila kitu njiani. Katika HWSD_DATA utaona T_TEXTURE ni 1, 2 ao 3. Maana yake (udongo wa mchanga, wa katikati, ao laini) iko katika tablo ingine, D_TEXTURE. Ndani ya mdbtools kuna mdb-sql ya kuuliza maswali, lakini haijui kuunganisha tablo mbili. Inabidi uhamishe yote katika SQLite kwanza. Tena kipande kimoja cha ramani kinaweza kuwa na udongo wa aina mbili ao tatu, na safu ya SHARE njo inasema kila moja iko na asilimia ngapi. Ukichukua mstari wa kwanza tu, pH yenye utaandika si ya kipande kizima. Programu haitakuonya.

Ya pili njo iliniumiza. Shirika moja lilikuwa limefunga mradi wake, likatuachia .mdb ya majaribio ya maharagwe ya mwaka 2004. Nilitoa tablo, nikaifungua katika tableri yenye iko katika Kifaransa. Tarehe ya kupanda ilikuwa inaandikwa hivi: 02/10/04. Mimi, kama kila mtu aliyesoma kwa Kifaransa, nilisoma tarehe 2 mwezi wa kumi. Hapa Kivu hiyo ni saison A. Nikapanga mavuno kwa saison, nikafanya wastani, nikaanza na kuandika maelezo ya mvua.

Siku moja macho yakaanguka kwenye mstari wenye 09/23/04. Mwezi wa 23 uko wapi? Nikarudi kwenye ule mstari wa kwanza, nikaangalia mavuno: 05/14/04. Kumbe maharagwe yangu yalivunwa mwezi wa tano na kupandwa mwezi wa kumi! Mdbtools, katika version yenye nilikuwa nayo, inaandika mwezi mbele, kiisha siku, kiisha mwaka wa tarakimu mbili. Ile 02/10/04 ilikuwa tarehe 10 mwezi wa pili, saison B. Kutoka hapo mpaka 14 mwezi wa tano ni siku 94, sawa kabisa kwa maharagwe. Tableri iligeuza tarehe zenye iliweza kusoma kinyume, zenye haikuweza ikaziacha kama maandishi. Saison A na B zilichanganyika, na maelezo yangu ya mvua yote yakaenda bure.

Makosa ni yangu, nakubali. Lakini programu yenye inatoka kwenye faili yenye mwaka kamili, kiisha inatupa tarakimu mbili za mwaka na kuweka mwezi mbele pasipo kusema neno, nayo iko na deni. Dawa iko, ila unapashwa kuijua mbele:

mdb-export -D '%Y-%m-%d' -T '%Y-%m-%d %H:%M:%S' faili.mdb tablo

Hapo 2004-02-10 hakuna mtu ataisoma vibaya. Hiyo njo ingelikuwa mazoea ya programu tangu mwanzo. Na maelezo yake yako paka katika Kiingereza, basi mwanafunzi wa kwetu anajifunza kwa kuumia.

Kitu kingine kidogo: CSV inatumia koma kutenga safu na nukta kwa desimali. Tableri ya Kifaransa inangoja kinyume, na pH ya 5.2 inaweza kubaki maandishi. Weka -d ';' kwa kutenga safu, na desimali uzichunguze mwenyewe.

Fomu na rapoti za Access haizitoi. Kwangu hiyo si shida. Nilikuwa natafuta data, siyo mapambo.

Basi niiweke wapi? Naiweka juu. Pasipo yenyewe yale majaribio ya 2004 yangekufa kwenye klé. Lakini kufungua faili siyo kuielewa. Mbele ya kufanya wastani wowote, hesabu mistari na mdb-count, tafuta tarehe yenye siku imepita 12, na hakikisha hakuna shamba lenye limevunwa mbele ya kupandwa.

Mwenye iko na .mdb imelala nyumbani, aiamshe wiki hii, aiweke katika CSV, na pembeni aandike karatasi moja yenye kueleza kila safu. Mdogo wetu wa mwaka ujao atashukuru.