Hongera kwa wapiga muziki wa The Lion King

Tamthilia ya muziki ya The Lion King ilianza kuoneshwa Broadway, New York, mwaka 1997, na mwaka 2002 ikaanza kuzunguka miji ya Marekani. Watazamaji humshangilia Simba na Rafiki, wahusika wenye majina ya Kiswahili. Pongezi zangu leo ni za wanaowapigia muziki.

Kwa kawaida wiki yao ina maonesho manane, mawili Jumamosi na mawili Jumapili. Zamu ya mji ikiisha, ngoma na vinanda hufungwa kwenye makasha na kupakiwa malorini. Kundi dogo husafiri na onesho. Wengine huajiriwa katika mji husika, nao hupata mazoezi machache kabla ya pazia kufunguliwa. Hapo ndipo ustadi hujulikana: kusoma nota papo hapo huku jicho likimfuata kiongozi.

Wengi huketi shimoni mbele ya jukwaa, hawaonekani. Wapiga ngoma wawili hukaa juu, pande mbili za ukumbi, machoni pa watu. Mpiga filimbi mmoja hubadilisha filimbi zaidi ya kumi usiku mmoja.

Kazi ngumu zaidi ni kuupiga wimbo uleule kila usiku kwa moyo uleule, maana mtoto aliyeketi safu ya nyuma ndiyo kwanza anausikia.

Hongereni sana. Nawe msomaji, onesho likiisha usikimbilie mlango. Baki, uwapigie makofi hadi nota ya mwisho.