Kuisoma sauti kwa macho: uhakiki wa programu ya Praat

Mwaka 1947 Potter, Kopp na Green walichapisha kitabu Visible Speech, nacho kiliwafungulia wanaisimu mlango wa kuitazama sauti badala ya kuisikiliza tu. Mashine ya wakati ule ilikuwa kubwa na ghali mno. Programu ya Praat, ambayo Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walianza kuitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990, imeiweka kazi ile ndani ya kompyuta ya kawaida. Haiuzwi, na msimbo wake u wazi kwa kila atakaye. Jina lake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya "sema". Yafaa basi ihakikiwe kama zihakikiwavyo kamusi na sarufi.

Fadhila yake haina shaka. Chukua neno "baba" kinywani mwa mzungumzaji wa pwani: ule mstari mweusi wa chini, alama ya mtetemo wa nyuzi za sauti, hukolea kadiri midomo inavyokaribia kufunguka. Hiyo ndiyo b ya kuvutia ndani. Sikio lililozoea Kifaransa huipita bila kuisalimu; jicho huiona.

Walakini picha hiyo si sauti yenyewe, ni hesabu. Praat hukata sauti vipande vya sekunde 0.005, na hapo formanti za irabu huonekana kama mikanda minene. Weka 0.03, mikanda hiyo hupasuka kuwa mistari myembamba ya harmoniki. Punguza kipimo cha desibeli kutoka 70 hadi 50, na konsonanti hafifu hutoweka katika weupe. Mwanafunzi asiyejua hayo ataandika kwamba sauti fulani haipo katika lugha, kumbe haipo kwenye kioo chake tu.

Zito zaidi ni suala la matoleo mapya, maana watungaji hawa hawachoki kuirekebisha kazi yao. Toleo 6.4 la mwaka 2023 lilileta mbinu nyingine ya kupima kidatu, inayochuja sauti kwanza, na mipaka ikahama: zamani dirisha la kuhariri lilianzia Hz 75 hadi 500, sasa ni 50 hadi 800. Kwa Kiswahili, kisichotofautisha maneno kwa toni, hasara yaweza kuwa ndogo. Kwa Kiluba sivyo. Sauti ya mzee inayoshuka chini ya Hz 75 mwishoni mwa sentensi ilikuwa haichorwi ipasavyo. Leo yaweza kuchorwa. Atakayelinganisha rekodi mbili zilizopimwa kwa matoleo mawili atasoma mabadiliko ya programu akidhani ni mabadiliko ya lugha.

Haki itendeke: watungaji hutangaza kila badiliko, na mbinu ya kale wameiacha humo humo, chini ya jina jingine. Kazi ya zamani yaweza kurudiwa, mradi mwandishi wake alitaja toleo na vipimo vyake. Lakini picha ichapwayo kutoka Praat hubeba mhimili wa wakati na mhimili wa Hz tu. Urefu wa kipande na nambari ya toleo havimo, na mwenye tasnifu asipoviandika kwa mkono wake, msimamizi hana pa kuviuliza.