Jinsi Voyager 1 Ilivyorudishiwa Kauli

Novemba 2023, chombo cha angani Voyager 1 kilianza kupayuka. Mawimbi yake ya redio yalifika duniani kama kawaida, lakini hayakubeba vipimo wala habari za hali ya chombo. Ulikuwa mfuatano uleule wa sifuri na moja, ukijirudia bila maana.

Chombo chenyewe kilikuwa hai. Kilipokea amri na kuzitekeleza, na antena yake iliendelea kuielekea dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni 24 hivi. Wabunifu wake walikitaka kiwe hivyo tangu kiliporushwa Septemba 1977, kijilinde chenyewe, maana kwa umbali huo amri kutoka duniani ilichukua saa 22 na nusu kukifikia, na jibu muda kama huo kurudi. Hitilafu ilikuwa kwenye kompyuta inayokusanya data na kuzipanga kabla hazijatumwa.

Tarehe 1 Machi 2024, wahandisi wa Jet Propulsion Laboratory, California, walituma amri ya kuichokoa kompyuta hiyo ili ijaribu njia nyingine ndani ya programu zake. Siku mbili baadaye likaja jibu lisilofanana na ule mpayuko, wala na data za kawaida. Lingeweza kupuuzwa kama takataka nyingine. Mhandisi mmoja wa mtandao wa antena za NASA alilifumbua, akakuta ndani yake nakala ya kumbukumbu nzima ya kompyuta. Ikalinganishwa na nakala ya kabla ya hitilafu, na ugonjwa ukajulikana: chipu moja imekufa na kuondoka na asilimia 3 hivi ya kumbukumbu. Huenda ilipigwa na chembe yenye nishati kubwa kutoka angani, au ilichakaa tu baada ya miaka 46.

Fundi wa kubadilisha chipu huko hayupo. Dawa ikawa kuihamisha programu iliyokuwa kwenye sehemu hiyo ya kumbukumbu, ila hapakuwa na nafasi moja ya kuitosha yote. Wakaikata vipande na kuvitawanya sehemu mbalimbali za kumbukumbu. Ugumu haukuwa katika kukata. Ulikuwa katika kurekebisha kila mahali ambapo amri moja huiita nyingine, ili vipande hivyo vifanye kazi kama kitu kimoja. Na kompyuta hiyo iliwabidi waijue kupitia nyaraka za miongo kadhaa iliyopita, zilizoandikwa na watu ambao hawakuwazia tatizo la namna hii.

Kinga za mwaka 1977 zilikiweka chombo hai miezi yote hiyo, na hilo si jambo dogo. Lakini kuutambua ugonjwa na kuutafutia dawa kulihitaji watu wenye subira, pamoja na karatasi ambazo hakuna aliyezitupa.

Kipande cha kwanza, cha data za hali ya chombo, kilitumwa Aprili 18. Aprili 20 wahandisi wakazisoma tena, baada ya miezi mitano. Kufikia katikati ya Juni, vifaa vyote vinne vya kisayansi vilivyokuwa bado kazini vilikuwa vinatuma data zinazosomeka.